Kutoka Kompyuta Pepe hadi Wingu Binafsi na Simu za Wafanyakazi Wenyewe: Uzoefu Wangu wa Miaka Miwili

Kwa miaka tisa nilisimamia seva za kampuni yenye wafanyakazi wapatao 140, na kwa sehemu kubwa ya muda huo sikuwa na la kulalamikia. Seva tano zilibeba kompyuta pepe zipatazo 60, yaani kompyuta zinazoishi kama programu ndani ya seva halisi, kila moja ikiwa na kazi yake, na seva moja ilipopata hitilafu tuliuhamishia mzigo wake kwa zilizobaki bila watumiaji kutambua. Miaka miwili iliyopita tuliachana na mpangilio huo, tukajenga wingu binafsi kwa kutumia programu ya OpenStack, yaani mfumo wa seva zetu wenyewe ambao watumiaji hujichukulia kompyuta pepe bila kutuomba, na katika kipindi hicho hicho tukawaruhusu wafanyakazi kutumia simu na kompyuta mpakato zao wenyewe kwa kazi za ofisi. Mambo hayo mawili tuliyaendesha kama miradi miwili, kila mmoja na bajeti yake na timu yake, na utengano huo ulitugharimu kuliko hitilafu yoyote ya mitambo nitakayoieleza hapa.

Kilichotusukuma kubadilika ni foleni. Msanidi programu aliyehitaji kompyuta ya majaribio alijaza fomu, fomu ikapita kwa msimamizi wake, ikafika kwetu katika idara ya TEHAMA, nasi tukaishughulikia tulipopata nafasi. Kazi ya dakika kumi ikachukua siku nne. Kwa kuwa kuomba upya kulimaanisha kupanga foleni upya, watu walizoea kuomba kompyuta kubwa kuliko mahitaji yao na kutoirudisha kamwe. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika waraka wake wa Septemba 2011, inalitambua wingu kwa sifa tano: mtumiaji anajihudumia mwenyewe, huduma inafikika kupitia mtandao kwa vifaa vya aina nyingi, rasilimali zinachangiwa na wengi, uwezo unapanuka na kupungua haraka, na matumizi yanapimwa. Nilipoisoma orodha hiyo huku nikiufikiria mfumo wetu, niliona kwamba tulikuwa na sifa moja tu kwa ukamilifu, ile ya kuchangia rasilimali. (Muuzaji mmoja aliyetutembelea alipendekeza tuweke ukurasa mzuri wa maombi juu ya mfumo ule ule na kuuita wingu. Foleni ingebaki pale pale, ila ingependeza zaidi machoni.)

OpenStack ilianzishwa mwaka 2010 na kampuni ya Rackspace kwa kushirikiana na NASA, na ni programu huria iliyogawanywa katika sehemu nyingi: Nova huendesha kompyuta pepe, Neutron hushughulikia mitandao, Cinder diski, Glance picha za mifumo endeshi (nakala zilizo tayari ambazo kompyuta mpya huanzia), na Keystone huamua nani ni nani na anaruhusiwa kufanya nini. Anayedhani kwamba kuhamia wingu ni kuagana na kompyuta pepe anajidanganya. Chini kabisa ya sehemu zote hizo ipo KVM, haipavaiza (programu inayoigawa seva moja kuwa kompyuta pepe nyingi) iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2007, nayo inafanya kazi ile ile iliyokuwa ikifanywa na mfumo wetu wa zamani. Kilichobadilika ni nani anayeiamuru.

Katika ununuzi wa mitambo tulikosea hesabu ya hifadhi. Tulichagua Ceph, programu inayounganisha diski za seva nyingi kuwa hifadhi moja, ambayo kwa desturi huweka nakala tatu za kila data kwenye seva tofauti ili seva moja ikifa kazi iendelee. Tulinunua diski zenye jumla ya terabaiti 90, na mkurugenzi wa fedha akaelezwa kwamba tuna terabaiti 90. Ukigawanya kwa tatu unabaki na 30, na hata hizo 30 huwezi kuzijaza, kwa sababu Ceph huanza kutoa onyo diski inapofika asilimia 85 na husimamisha uandishi inapofika asilimia 95. Kwa hiyo tulichokuwa nacho kwa matumizi ya kila siku kilikuwa takriban terabaiti 25. Mazungumzo yangu na mkurugenzi baada ya ugunduzi huo sitayaeleza hapa.

Uhamishaji wenyewe ulichukua miezi mitano. Kompyuta za Linux zilihama kwa urahisi. Zile za Windows zilikataa kuwaka mpaka tulipojifunza kuziwekea madereva ya virtio (programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia diski na mtandao wa kompyuta pepe za KVM) zikiwa bado katika mfumo wa zamani, kwa kuwa zikishahama haziioni diski yao na huishia kwenye skrini ya bluu. Tulijifunza pia kwamba picha za mifumo endeshi zinapaswa kuwekwa katika muundo ghafi, usiobanwa, ili Ceph iweze kutengeneza kompyuta mpya kwa kurejelea picha iliyopo badala ya kuinakili yote; tofauti yake ni sekunde chache dhidi ya dakika kadhaa, na kwa mtu anayejihudumia mwenyewe dakika hizo ndizo zinazomfanya auone mfumo ni mzuri au ni wa hovyo.

Tatizo la mitambo lililotutesa kuliko yote lilikuwa na ukubwa wa baiti 50. Mitandao ya ndani ya wingu letu inatumia VXLAN, njia ya kupitisha mtandao mmoja ndani ya mwingine, ambayo huitia kila paketi (kipande cha data kinachosafiri mtandaoni) ndani ya paketi nyingine kama barua ndani ya bahasha, na bahasha hiyo huongeza baiti 50. Swichi zetu zilipangwa kupitisha baiti 1500 za kawaida, kwa hiyo kompyuta pepe ilitakiwa kutuma zisizozidi 1450. Neutron huziarifu kompyuta kipimo hicho zinapoomba anwani, lakini zile tulizohamisha kutoka mfumo wa zamani zilikuwa na anwani na vipimo vilivyoandikwa kwa mkono, nazo ziliendelea kutuma 1500. Dalili zake zinapotosha sana: ping (ujumbe mfupi wa kujaribu kama kompyuta inafikika) inajibu, mtu anaingia kwenye seva, orodha fupi ya mafaili inaonekana, kisha akifungua faili kubwa kila kitu kinaganda bila ujumbe wowote wa kosa. Tulizilaumu diski kwa siku tatu na mkandarasi kwa siku moja, mpaka mwenzangu mmoja alipoanza kutuma ping za ukubwa unaoongezeka kidogo kidogo akaona mahali zinapokomea. Tulipandisha kipimo cha swichi hadi baiti 9000 na tatizo likaisha jioni ile ile. Mkandarasi tulimwomba radhi.

Baada ya hapo matunda yalianza kuonekana, ingawa si kwa kila mtu. Wasanidi programu sasa wanaingia kwenye Horizon, ukurasa wa OpenStack wa kujihudumia, wanachagua ukubwa, na kompyuta yao inakuwa tayari kabla hawajamaliza kumweleza jirani wanachokwenda kuifanyia. Kila timu ina mgawo wake wa vichakataji, kumbukumbu na diski, na ndani ya mgawo huo haiombi ruhusa kwa yeyote. Kinyume chake, idara ya uhasibu haikupata lolote. Mfumo wao mkuu unategemea kifaa kidogo cha leseni kinachochomekwa kwenye tundu la USB la seva, na hatukuona maana ya kukilazimisha kiishi ndani ya wingu. Seva moja ya zamani ilibaki kwa ajili yao, na huko iliko inafanya kazi vizuri. Ningemshauri yeyote mwenye mifumo mingi ya namna hiyo, isiyobadilika na isiyohitaji kuongezeka wala kupungua, abaki na kompyuta pepe zake za kawaida, kwa sababu wingu binafsi linahitaji watu wawili au watatu wanaolielewa kwa kina, nao hawapatikani kwa urahisi.

Upande wa vifaa vya wafanyakazi ulikuwa mwepesi kiufundi na mgumu kwa mambo mengine yote. Watu walikuwa wakisoma barua pepe za kazi kwenye simu zao tangu zamani, bila idhini na bila ulinzi, kwa hiyo tulichofanya ni kuhalalisha jambo lililokuwapo. Tuliitisha mkutano kuelezea programu ya usimamizi ambayo kila mtu angeiweka kwenye simu yake. Mama mmoja wa idara ya uhasibu, anayekaribia kustaafu, akaniuliza mbele ya wote: “Mwanangu, siku nikiacha kazi, mtafuta na picha za wajukuu wangu?” Nilijua kwamba kwa mipangilio tuliyokuwa tumeiandaa jibu la kweli lilikuwa ndiyo, tungeweza kuifuta simu nzima, na nikalazimika kumjibu hivyo. Mkutano uliishia hapo, na mradi ukasimama kwa wiki sita.

Tulirudi na utaratibu tuliopaswa kuanza nao. Kwenye Android tulitumia wasifu wa kazini, ambao umekuwapo tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, na kwenye iPhone tukatumia usajili maalumu wa vifaa binafsi uliokuja na iOS 13 mwaka 2019. Kwa njia zote mbili programu na data za ofisi hukaa katika sehemu yao iliyotengwa. Ofisi inaweza kuifuta sehemu hiyo, lakini picha, ujumbe na programu binafsi za mwenye simu haizioni wala haizigusi. Tuliandika ukurasa mmoja wa lugha nyepesi unaoeleza tunachoweza kuona na tusichoweza, na ukurasa huo ulileta watu wengi kuliko agizo lolote la menejimenti. Yule mama alijisajili wiki ya kwanza, na baadaye simu yake ilipopotea sokoni tuliondoa sehemu ya kazi dakika chache baada ya kupigiwa. Wenye simu za zamani zisizopokea tena masasisho ya usalama tuliwakatalia, na hilo liliwaudhi baadhi yao kwa haki kabisa, kwa kuwa tulikuwa tukimwambia mtu anunue kwa fedha zake kifaa cha kufanyia kazi zetu. Hatimaye kampuni ilikubali kuwapa hao simu za ofisi.

Kwa kompyuta mpakato hakuna utenganisho mzuri kama ule wa simu. Hapo wingu lilitufaa: mfanyakazi hufungua kivinjari na kuingia kwenye kompyuta pepe ya ofisi iliyo ndani ya wingu, na mafaili hayashuki kwenye mashine yake. Tuliacha pia kuuamini mtandao wa ofisi. Zamani kifaa kilichochomekwa kwenye waya wa ndani kilihesabiwa kuwa chetu; sasa kila ombi linathibitishwa kwa mtu, kwa cheti cha kidijitali cha kifaa na kwa tarakimu za muda, kufuatana na mwelekeo ambao NIST iliuandikia waraka Agosti 2020. Tarakimu hizo hukokotolewa kwa kutumia saa ya simu na hubadilika kila sekunde 30, na hapo tulipata kisa kilichotuchekesha baadaye: kijana mmoja wa mauzo hakuweza kuingia kwa siku mbili, tukaisajili simu yake upya mara tatu, kisha ikabainika kwamba alikuwa ameisogeza mbele saa yake kwa dakika kumi ili asichelewe kazini.

Kosa letu kubwa lilikuwa katika utambulisho. Timu ya wingu iliweka orodha ya watumiaji ndani ya Keystone. Timu ya vifaa ikaweka orodha nyingine katika mfumo wake. Msanidi mmoja alipoacha kazi, simu yake iliondolewa siku hiyo hiyo, lakini akaunti yake ya wingu ilibaki hai kwa siku tisa huku kompyuta zake tatu zikiendelea kuwaka, moja ikiwa na anwani inayofikika kutoka nje. Hakuna kilichoibwa, na yeye mwenyewe hata hakujua. Tuligundua kwa bahati tu, tulipokuwa tukikagua nani amemaliza mgawo wake. Ilitubidi kurudi nyuma, kujenga orodha moja inayoanzia kwa idara ya rasilimali watu, na kuiunganisha Keystone na mfumo wa vifaa kwenye orodha hiyo. Kazi hiyo ingechukua wiki tatu kama tungeanza nayo, lakini kwa kuwa ilikuja mwisho ilichukua miezi minne, kwani kila akaunti ilikuwa na majina mawili na haki zisizolingana.

Kwa hesabu zangu, wingu lenyewe nalipa alama nane kati ya kumi na utaratibu wa vifaa saba. Kinachonipa wasiwasi kwa sasa ni masasisho. OpenStack hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita, na tangu toleo la 2023.1 inaruhusiwa kuruka moja na kusasisha mara moja kwa mwaka; sisi tumesasisha mara moja, kwa usiku mmoja na nusu, na la pili limepangwa baada ya wahasibu kufunga hesabu za mwaka. Kifaa chao cha leseni bado kimechomekwa kwenye ile seva ya zamani, kikiwa na karatasi iliyobandikwa juu yake: “Usichomoe”.