Unasihi mjini Tanga: ndani ya dakika 50 unapata nini?

Jina la huduma hii ndilo linaloiponza. Unasihi, nasaha, mnasihi: maneno yote yanamwahidi mteja kwamba atapewa maneno ya busara. Anapanda ngazi za ofisi Chumbageni, au anaingia chumba cha nyuma cha zahanati Ngamiani, akiwa amejiandaa kusikiliza. Kumbe anayetakiwa kusikiliza ni yule aliyekaa kiti cha pili. Mawaidha Tanga hayana uhaba: yapo barazani kwenye kahawa, kwa shangazi, kwa somo, kwa imamu na kwa padri, tena bure. Kwa hiyo hapa tunapima jambo moja tu: je, huduma inamsaidia mteja kulisema tatizo lake mpaka alione lilivyo, au inamkatiza njiani na kumpa hotuba?

Tuanze na chumba, maana ndicho kinachoharibu kazi kabla hata neno halijatoka. Kwa joto la Tanga, dirisha likifungwa chumba kinachemka, likifunguliwa sauti inateremka mpaka kwa bodaboda walioegesha chini. Feni inafaa mara mbili: inaleta hewa, na mvumo wake unafunika maneno. Jipimie mwenyewe ukiwa kwenye benchi la kusubiria. Ukisikia aliye ndani anasema nini, nawe zamu yako ikifika utasikiwa. Viti viwe vya kimo kimoja, vimewekwa mshazari, ili macho yapate pa kupumzikia mtu anapotafuta maneno. Kukaa uso kwa uso na meza kubwa katikati kunamrudisha mteja kituo cha polisi au kwa afisa mikopo, na huko watu hawaendi kufunguka. Saa ya ukutani ikae nyuma ya mteja, mnasihi aione bila kupinda shingo. Simu ya mnasihi ikiita mara moja ni ajali. Akiipokea, ondoka.

Dakika 10 za mwanzo ni za mapatano. Mnasihi anayejua kazi anaeleza siri na mipaka yake kabla hujamwaga chochote: yatakayosemwa yatabaki humu, isipokuwa ukiwa hatarini kujidhuru, ukiwa na mpango wa kumdhuru mtu, mahakama ikiagiza, au mtoto akiwa anafanyiwa ukatili. Hilo la mwisho si hiari yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa serikali ya mtaa wake. Anayekuambia "siri yako nitakufa nayo" bila kutaja mpaka wowote, ama hajui kazi ama anakudanganya. Tena mji huu ni mdogo. Mapatano mazuri yanagusa mpaka soko la Mgandini: tukikutana pale, nani anamsalimu mwenzake kwanza? Kawaida mnasihi anasubiri mteja aanze, na asipoanza, wanapishana kama wageni. Kama mnasihi ni jirani, ndugu au mwalimu wa mwanao, akupeleke kwa mwingine siku hiyohiyo.

Sasa uchimbaji wenyewe, na hapa ndipo pesa inapofanya kazi. Mteja wa pwani mara nyingi huanza na maneno mawili: "Nina mawazo." Mnasihi mchanga hulipokea kama jibu, akaandika "msongo" kwenye daftari. Aliyebobea analiona ni mlango tu. Anauliza: mawazo hayo yanakuja saa ngapi? Ukiwa na nani? Yakija, mwili unafanyaje? Kiswahili chetu kinasema huzuni na hofu kwa viungo: moyo unakwenda mbio, kichwa kinawaka moto, roho inauma, mwili umekufa ganzi. Si mapambo ya lugha hayo. Ukimfuata mtu kwenye kiungo alichokitaja unafika haraka kuliko kumuuliza "unajisikiaje", swali ambalo jibu lake karibu kila mara ni "kawaida".

Sikiliza pia mnasihi anavyouliza. "Kwa nini ulimwacha?" ni sauti ya mashtaka, na mtu akishtakiwa anatafuta utetezi, haoni tena tatizo. "Ilikuwaje mpaka ukafikia kuondoka?" inauliza jambo lilelile na inaleta kisa kizima. Maswali ya ndiyo au hapana yakizidi matatu mfululizo, kikao kimegeuka kujaza fomu.

Kuna mtego mwingine wa lugha ambao mnasihi wa Tanga lazima aujue: neno "mtu". "Yaani mtu unahangaika mwaka mzima, lakini huthaminiwi." Huyo mtu ni nani? Mteja amejificha nyuma ya watu wote, na ana sababu, kwa sababu kusema "mimi sithaminiwi" kunauma. Kazi ni kumrudisha taratibu: "Wewe ndiye huoni kuthaminiwa." Akikubali kwa kichwa, kikao kimefunguka. Akikwepa tena, aachwe, bado hajawa tayari. Na kuna vifungio: "ndiyo maisha", "Mungu yupo", "tutafanyaje sasa". Mnasihi mbovu hubishana na kifungio, au hukichukua kuwa mwisho wa habari akafunga daftari. Mzuri anakiheshimu, ananyamaza kidogo, kisha anauliza, "Na ukiwa peke yako usiku, unamwambia Mungu nini kuhusu hili?"

Chombo kikuu, pamoja na unyenyekevu wake, ni kurudisha maneno. Mteja anasema, "Mume wangu akirudi tu, mimi natafuta kazi jikoni." Jibu la mawaidha: "Dada yangu, mume hupokewa sebuleni." Hapo kikao kimekufa, kwani dada huyo amekwisha kuambiwa hivyo na watu wengi. Jibu la unasihi: "Akirudi, wewe unakwenda jikoni." Kisha kimya. Sekunde 5, 10, wakati mwingine zaidi. Ndipo inakuja: "Naogopa ataulizia hela ya vikoba." Tatizo tulilodhani ni la mapenzi limegeuka kuwa la mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa, uliofichwa, na mnasihi hajauliza swali hata moja. Kimya hicho ndicho kinachowashinda wengi, maana pwani ukimya wa watu wawili huonwa ni ugomvi au utovu wa adabu, na mnasihi asiyejiamini huujaza kwa methali. Lakini kurudisha nako kuna kipimo. Akirudia kila sentensi, mteja anahisi anafuatishwa kwa dhihaka. Neno zito moja kwa kila dakika chache linatosha, na kila baada ya dakika 10 au 15 muhtasari mfupi unaoishia na "nimekuelewa sawa, au kuna nililokosea?" Muhtasari usio na swali hilo ni hukumu.

Misingi ya haya aliipanga Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1957 alieleza masharti ya mabadiliko ya mteja. Yanayomhusu mnasihi moja kwa moja ni matatu: awe mkweli asiyeigiza, amkubali mteja bila masharti, na aielewe hali yake kama mteja mwenyewe anavyoiona. Yanafanya kazi Tanga, ila kwa marekebisho. Mteja wetu akikaa dakika 50 bila kupewa neno lolote anajiuliza amelipia nini, na wiki ya pili haji. Mji umejipa sifa ya "waja leo waondoka leo", na vyumba vya unasihi vinaijua sifa hiyo kwa namna nyingine kabisa. Dawa ni mnasihi kusema mapema kwamba vikao viwili vya mwanzo ni vya kulichimbua tatizo, na kutenganisha taarifa na ushauri. Taarifa anaruhusiwa kutoa, tena kwa kuomba: "Nikueleze taratibu za ustawi wa jamii kuhusu matunzo ya mtoto?" Uamuzi wa kwenda au kutokwenda unabaki kwa mteja.

Tatizo likishaonekana ndipo kunakuja kupanga, na hapa tunapenda mtindo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2016, uliotungwa ili hata wasio wataalamu wa afya ya akili wafundishwe na wautumie chini ya msimamizi: vikao 5, kila kimoja dakika 90. Matatizo yote yanaandikwa kwenye karatasi. Yanagawanywa: yanayoweza kufanyiwa kitu na yasiyoweza. Linachaguliwa moja, na la kuanzia liwe jepesi, si lile kubwa kuliko yote. Njia zote zinatajwa bila kuzichuja, hata za kipuuzi, kwa sababu mtu aliyebanwa huona njia mbili tu, kuvumilia au kukimbia. Kisha hatua moja ndogo yenye siku na saa: "Jumanne baada ya Alasiri nitampigia mwekahazina wa kikundi." Ahadi ya "nitajitahidi" haihesabiwi. Palipo na kusitasita, kipimo cha 0 hadi 10 kinafaa sana, ila swali linalofuata lielekee chini: "Umesema 4. Kwa nini si 2?" Mteja anaanza kutaja nguvu zake mwenyewe. Ukimuuliza kwa nini si 8, anataja vikwazo, na vikwazo tayari anavyo vya kutosha.

Udhaifu mkubwa tunaouona ni kwa wazee. Mnasihi wa miaka 27 anampokea mzee wa 65, anasema "Shikamoo baba", anajibiwa "Marahaba mwanangu", na papo hapo viti vimebadilishana: mzee anaanza kumpa kijana nasaha za maisha, kijana anaitikia. Kuacha shikamoo si jibu, ni utovu wa adabu. Jibu ni kuutumia umri wake: "Baba, umeona mengi. Katika yote uliyopitia, hili limekujaje tofauti?" Kwa mambo ya chumbani, mteja apewe nafasi ya kuchagua mnasihi wa jinsia anayoitaka. Ofisi isiyoweza iseme mapema kwenye simu.

Pia pima kama wanajua mahali pa kuishia. Dodoso la maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, lenye alama 0 hadi 27, linatumika sana kupima sonona, na alama 10 na kuendelea zinataka mteja aonwe kitabibu, hapa ikiwa ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo. Anayesikia sauti zisizokuwepo au asiyelala siku kadhaa mfululizo hahitaji kikao cha sita, anahitaji daktari. Swali la kujiua liulizwe wazi, kwa neno lenyewe: "Umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Kunampa ruhusa ya kulisema. Mnasihi anayezungukazunguka hapo anajilinda yeye. Hofu ya mteja kwamba akipelekwa hospitali ataitwa mwendawazimu ni ya kweli na izungumzwe kabla ya barua ya rufaa. Mkoa wenyewe si mgeni wa tiba hiyo, kwani Lutindi, kule Korogwe kwenye milima ya Usambara, wagonjwa wa akili wamekuwa wakipokewa tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Huduma nyingine kwa ufupi. Ushauri kabla na baada ya kupima VVU: usiri mzuri, hatua zinafuatwa, na sheria ya mwaka 2008 inaulazimisha. Lakini muda ni wa kusubiri kipimo, kama dakika 15 au 20, na mtoa huduma ana orodha ya kumaliza. Kwa lengo lake tunaupa 4 kati ya 5. Kwa kuchimbua ndoa inayoyumba, 2. Baraza la usuluhishi wa ndoa la kata si unasihi, na wanaolichanganya wanaumia. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwa kawaida shauri la talaka haliendi mahakamani mpaka baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Hapo unakaa mbele ya mwenyekiti na wajumbe, mwenzio pembeni. Nenda ukiwa umekwisha kujua unachotaka kusema, usiende kukitafuta. Simu ya 116 kwa ajili ya watoto ni ya bure na inapokewa saa 24. Kwa simu hakuna kutikisa kichwa, kwa hiyo msikilizaji mzuri utamsikia akiitikia "mh, nakusikia" bila kuingilia. Mtoto akinyamaza na simu sikioni, ninyi mlio naye subirini naye, msimnyang'anye simu mkamsemea.

Kwa ofisi binafsi, kabla ya kulipa piga simu uulize manne: kipindi ni dakika ngapi, amesomea wapi na nani anamsimamia, siri ina mipaka gani, na vikao takriban vingapi kwa tatizo kama lako. Kwa hilo la mwisho, jibu la haki ni "tuonane mara mbili kwanza, kisha tupange pamoja". Akikuambia "we njoo tu, siku moja yataisha", kata simu, tafuta mwingine.