Uzoefu wangu: hedifoni zisizo na waya kwenye Nintendo Switch

Kama unatafuta mahali pa kupunguza kuchelewa kwa sauti ya Bluetooth ndani ya mipangilio ya Switch, mashine ya gemu ya Nintendo, acha kutafuta. Hapapo. Mimi nimepata nafuu kwa kidude cha kurusha sauti kwa Bluetooth, cha kuchomeka chini, kwenye tundu la USB-C, na hicho nacho kina masharti.

Switch ilitoka Machi 2017 bila sauti ya Bluetooth kabisa, mpaka sasisho la 13.0.0 la Septemba 2021 lilipoileta. Kuunganisha ni kazi ya dakika moja. Kinachosumbua ni SBC, kodeki (njia ya kubana sauti ili irushwe) inayotumika hapo: sauti inabanwa, inarushwa, inapokelewa, inafunguliwa, na mara nyingi safari hiyo hula milisekunde 150 hadi 250. Gemu ikienda picha 60 kwa sekunde, milisekunde 200 ni picha 12. Unaruka, unatua, ndipo unasikia umeruka! Kwa gemu za kupokezana zamu wala sikujali. Za mapigano zinaudhi. Za kufuata mdundo ndiyo kabisa, hazichezeki.

Kidude changu kinatumia aptX Low Latency, kodeki nyingine inayoshusha kuchelewa hadi milisekunde 40 hivi, na hapo sikio langu halioni tena pengo. Ila hedifoni nazo lazima ziwe na kodeki hiyohiyo. Boksi likiandikwa "aptX" peke yake, usilipe kwanza, kwa sababu hiyo ni kodeki nyingine, na muuzaji atakuapia kwamba ni zilezile. AirPods, hedifoni za Apple, hazina aptX ya aina yoyote, kwa hiyo ukizitumia na kidude kama hiki unarudi kwenye SBC. Changu kina taa inayobadilika rangi kulingana na kodeki, basi sina haja ya kubahatisha.

Kuna faida ambayo wengi hawaizungumzii. Ukitumia Bluetooth ya Switch yenyewe, vidhibiti visivyo na waya vinaishia viwili, na Joy-Con mbili (vidhibiti vidogo vya pembeni mwa Switch) zilizochomolewa tayari ni viwili. Tena mkianza kucheza mashine kwa mashine bila intaneti, hedifoni zinakatwa. Kwa kidude, Switch inaona kifaa cha sauti cha USB tu, vikwazo hivyo vinaondoka.

Kero zipo. Kimening'inia chini, kwa hiyo mashine haisimami mezani kwa mguu wake. Changu hakina tundu la kupitishia chaji, na hilo lingenifanya nichague kingine. Betri nayo inaliwa kidogo.

Gemu za mdundo bado nazichezea hedifoni za waya kwenye tundu la 3.5 mm. Ni za bei ya chini na hazicheleweshi sauti. Na kama tayari una hedifoni za gemu zinazokuja na kipokezi chake cha 2.4 GHz (mawimbi yake yenyewe, si Bluetooth) chenye kichwa cha USB-C, jaribu hicho kwanza kabla hujanunua kitu kingine.