FamilySearch: rekodi ni moto, ule mti wa ukoo wa pamoja uende nao polepole

Kama unamsaka babu wa babu yako wa miaka ya 1800 huko na hutaki kutoa hata senti, anzia FamilySearch, tovuti ya kutafuta rekodi za ukoo. Ni bure kabisa, unafungua akaunti tu basi. Wenyewe ni kanisa la Wamormoni kule Utah, na kabla hujauliza, mimi hajanifuata mtu kunihubiria. Hawa jamaa wanapiga picha rekodi za dunia tangu 1938, mwanzoni kwenye filamu, wakaja kuziingiza zote kwenye kompyuta wakamaliza 2021, kwa hiyo humo kuna ubatizo, ndoa, wosia, sensa, we acha tu.

Utamu uko kwenye picha ya daftari lenyewe. Ule muhtasari wa pembeni, yaani maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye picha, una makosa kibao kwahiyo picha ikifunguka isome mwenyewe, hata mwandiko uwe wa kuku. Na ujue rekodi yenyewe ina vituko vyake, mfano sensa ya Uingereza ya 1841, waliozidi miaka 15 makarani waliambiwa wapunguze umri mpaka tano ya chini, mtu ana 39 anaandikwa 35, halafu wewe unakesha unabishana na mwaka wa kuzaliwa. Nenda ya 1851, ile inataja na parokia aliyozaliwa, ukishaipata hiyo unahamia madaftari ya kanisa.

Kuhusu jina la ukoo, karani aliandika alivyosikia, kwahiyo unapotafuta, pale penye herufi za utata weka * uone majina yanavyomwagika. Ila asili ya jina peke yake haikupeleki mbali, Smith ni mhunzi sawa, lakini wahunzi walikuwa kila kijiji, wewe wako yupi? Na wale wanaouza nembo ya ukoo kwa kuangalia jina tu waache na biashara yao, nembo Uingereza hupewa mtu na uzao wake, sio kila anayeitwa hivyo.

Kasoro: picha nyingine zimefungwa mpaka uende kwenye kituo chao au maktaba wanazoshirikiana nazo. Na ule mti wa ukoo ni mmoja wa watumiaji wote, yeyote anauhariri, usishangae kukuta mama kazaa akiwa na miaka minane, kwahiyo usinakili kitu kisicho na rekodi nyuma yake.

Wenye babu Marekani, sensa ya 1890 msihangaike nayo, karibu yote ilipotea baada ya moto wa 1921, ruka toka 1880 mpaka 1900.