Pasti pepa za bure za AP Physics C (umeme na sumaku): kwangu zimezidi tusheni ya kulipia

Naandika hii kwa wadogo zangu waswahili mlioko sekondari huku Marekani, na wazazi ambao mtoto kakuja na habari ya AP Physics C, ule mtihani wa umeme na sumaku (AP ni masomo ya ngazi ya chuo yanayosomwa ukiwa bado sekondari), na hamjui mumsaidieje. Mimi nilikaa huo mtihani mwezi wa 5 mwaka 2025, na kitu kilichonibeba kuliko vyote ni yale maswali ya kujieleza ya miaka ya nyuma ambayo College Board, wale wanaotunga mitihani ya AP, wenyewe wanayaweka kwenye tovuti yao ya AP Central. Ni bure kabisa, unapakua tu. Nayapa nyota 5 na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane, maswali yenyewe siyo dhahabu. Dhahabu ni mwongozo wa kusahihishia unaokuja nayo. Mimi nyumbani nilizoea kusolvu pasti pepa halafu namsubiri mwalimu asahihishe, unapata 6 kati ya 10 na hujui zile 4 zimeenda wapi. Hapa kila pointi imeandikwa inatolewa kwa kipi, halafu wanakuwekea na majibu ya wanafunzi halisi yenye alama zake na maelezo kwa nini huyu kapata na huyu kakosa, na juu yake kuna ripoti ya mkuu wa wasahihishaji anasema watoto wengi waliteleza wapi. Yaani unakaa kwenye kiti cha msahihishaji.

Mfano chukua swali la sheria ya Gauss, ile inayokupa uga wa umeme kutokana na chaji iliyozungukwa. Unapewa tufe lisilopitisha umeme, chaji imetapakaa ndani yake na msongamano unaongezeka kadiri unavyotoka katikati, tuseme unaenda na r, utafute uga wa umeme ndani. Mimi mwanzoni nilikuwa najua kabisa jibu linatoka uga unaopanda kwa mraba wa r, naruka hatua naandika jibu naenda mbele. Nikafungua mwongozo nikajisahihisha, aisee, jibu la mwisho mara nyingi ni pointi moja tu. Kuna pointi ya kuanza na sheria ya Gauss yenyewe imeandikwa, kuna pointi ya kutumia maganda membamba kwenye integrali, 4πr²dr, badala ya kuzidisha msongamano kwa ujazo wote kana kwamba chaji iko sawa kila mahali. Siku hizi swali lenyewe linakuambia anza na kanuni ya msingi au fomula iliyoko kwenye karatasi wanayokupa. Tangu siku hiyo sijawahi kuruka mstari.

Maswali ya kutoa sababu ndiyo yalinitesa zaidi. Koili iko kwenye uga wa sumaku unaoingia kwenye karatasi na unazidi nguvu, mkondo utazunguka upande gani na kwa nini. Ukiandika "kwa sababu ya sheria ya Lenz" ukaishia hapo, hujajieleza. Dawa niliipata jikoni. Mama yangu hajasoma fizikia ila alikuwa anakaa ananisikiliza huku anasonga ugali, namweleza kwa Kiswahili, na kila nikifika mahali anauliza "kwa nini sasa mwanangu?" Basi inabidi nirudi: flaksi inayoingia, yaani kiasi cha uga wa sumaku kinachopita ndani ya koili, inaongezeka, kwa hiyo koili inataka kupinga hilo ongezeko, kwa hiyo inatengeneza uga wake unaotoka nje ya karatasi, kwa hiyo mkondo unazunguka kinyume cha saa. Mama akiacha kuuliza najua mnyororo umekamilika, ndipo naandika kwa Kiingereza. Nilifanya hivi karibu kila jioni na nawasihi wazazi mfanye hivyo hivyo, huhitaji kujua kitu, uliza tu kwa nini.

Swali la jaribio la maabara lisikutishe. Wanapenda data ambayo haitoi mstari ulionyooka uinyooshe mwenyewe. Mimi nilinunua kapasita ya mikrofaradi 1000 na resista ya kiloomu 10, betri ya volti 9 na mita ya fundi, nikaichaji halafu nikaiacha itoe chaji kupitia resista, nikawa narekodi volti kila baada ya sekunde 2. Baada ya sekunde 10 imebaki kama volti 3.3 hivi, kama hesabu inavyosema. Ukichora logi asilia ya volti dhidi ya muda unapata mstari, na mteremko wake ni hasi 1 gawanya kwa RC, yaani resista mara kapasita. Na hapa mwongozo ulinifundisha kitu kidogo sana chenye pointi: mteremko unatoa kwenye mstari uliochora, siyo kwenye nukta mbili za data ulizozipenda. Andika na vipimo kwenye mihimili.

Angalizo moja. Pasti pepa za kabla ya 2025 zina sura ya zamani, maswali 3 kwa dakika 45, kila moja pointi 15, yaani dakika moja kwa pointi. Sasa hivi ni maswali 4 kwa dakika 100, pointi 10, 12, 10 na 8, jumla 40, unapata dakika 2 na nusu kwa kila pointi. Fizikia ni ile ile kwa hiyo za zamani pigia msuli bila wasiwasi, ila ukizifanya usijipime kwa saa ya zamani ukakata tamaa. Za mtindo mpya zihifadhi za mwisho uzifanye kama mtihani kweli.

Nilishalipia pia tusheni ya mtandaoni, siitaji jina, zaidi ya dola 200 ambazo mama alizitolea jasho. Video nzuri, mwalimu anaongea vizuri, ila hakuna hata mtu mmoja aliyesoma nilichoandika, na maswali haya yanapimwa kwa kile ulichoandika. Iliniuma.

Jambo jingine, siku yenyewe maswali unayasoma kwenye kompyuta, programu ya Bluebook, lakini majibu unaandika kwa mkono kwenye kijitabu. Kwa hiyo usiprinti maswali ukafanyia juu yake. Weka swali kwenye skrini, karatasi tupu mezani, na mchoro wa saketi uhamishe mwenyewe kwa mkono, maana hapo ndipo nilipokuwa nasahau alama ya chanya na hasi za betri.