Saiba iliyotuprintia barua na kadi za safari ya utume: barua nyota tano, tisheti mtanisamehe

Haya wapendwa, niliahidi tukirudi kutoka Gulu, Uganda, ntaandika kuhusu ile saiba (duka la kompyuta na kuprinti) ya kule Mwembe Tayari, Mombasa, manake kila Jumapili mtu ananishika mkono ananiuliza zile kadi mlitengeneza wapi. Jina la duka silitaji, mbele huko mtaona kwa nini, lakini bei na kazi nawapa vile ilivyokuwa.

Tulikuwa watu 14, siku 12, kila mtu elfu 24, na kanisa lilishasema litabeba robo tu, zilizobaki mjitafutie. Ikabidi tuandike barua. Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu wa historia, sasa hebu fikiria mwenyewe, akaja na kurasa mbili zimejaa mpaka pembeni: mmishonari Krapf kafika Mombasa 1844, mwenzake Rebmann akamfuata 1846 wakafungua kituo Rabai, alafu Freretown 1875 na watumwa waliokombolewa, mpaka kengele ya pale Kengeleni imo. Mambo ya kweli yote na mimi nayapenda, nia yake ilikuwa kusema sisi tuliopokea zamani sasa ni zamu yetu kutuma. Nikaipeleka saiba kwa flashi niprinti kopi 150, shilingi kumi kumi.

Mama mwenye duka, mama wa buibui, miwani imening'inia kifuani, huwa haprinti kitu bila kukipitisha macho. Akaisoma. Akashuka ya pili. Alafu akavua miwani akaniambia, "Mwanangu, nimesoma mpaka chini, sijaona mwataka nini. Mwataka pesa au mwataka dua?"

Nikacheka lakini aliniweza, manake kweli haikuwa imeandikwa popote, mwisho ulisema tu "tunaomba ushirikiano wenu". Tukaketi hapo kwa kompyuta yake karibu saa nzima, wateja wa mambo ya kodi ya KRA wanatusonya nyuma, tukaikata mpaka nusu ukurasa: sisi ni nani, twaenda wapi, tarehe, tunaenda kufanya nini, kila mtu ahitaji ngapi, mwisho wa kupokea mchango lini, namba ya mweka hazina, na mambo matatu ya kuombea kwa wale ambao mwezi huo hawana kitu. Krapf akabaki na sentensi moja. Pia ni huyo mama aliyesema tuvunje ile elfu 24 vipande vipande, kwamba 1,500 ni tiketi ya treni ya SGR ya mtu mmoja kutoka Miritini mpaka Syokimau, hiki ni chakula cha siku, hiki ni sindano ya homa ya manjano, ili mwenye mia mbili naye aone mahali pake. Hilo ndo lilitusaidia kuliko yote, watu walikuwa wanatuma wanaandika "hii ya tiketi". Na mwenye aibu ya kuomba (mimi hapa) nikakumbuka hata Paulo aliwaandikia Warumi wamsafirishe akienda Spania, iko sura ya 15, kwa hivo tulia.

Kwa sindano, kabla nisahau, nendeni mapema, cheti kinaanza kuhesabika siku ya kumi baada ya kudungwa. Tulikuwa na kijana mmoja karibu tumuache.

Sasa kadi za mchango. Kadi 200 za manila, mistari ya jina, kiasi na sahihi, shilingi 15 moja, safi, kalamu haifyonzi. Lakini namba ya mweka hazina ikatoka 6 badala ya 9. Tulijua pale mjomba wa mwenzetu alipotaka kutuma akaona jina la mtu wasiyemjua, bahati akasimamisha. Kosa lao, ila na mimi nilitumiwa sampuli kwa WhatsApp nikiwa kwenye ferry Likoni nikajibu "sawa" bila kuangalia. Wakazirudia zote kwa elfu moja, hela ya karatasi tu. Hapo sina neno.

Tisheti ndo nina neno. 650 moja, 14, jumla 9,100, na tuliambiwa rangi haitoki. Kumbe si rangi, ni yale maandishi ya kubandikwa kwa pasi. Mgongoni iliandikwa SAFARI YA UTUME, kufua mara mbili tu kule Gulu ile U ya UTUME ikaanza kujikunja, wengine ikang'oka kabisa. Tunashuka Miritini tumechoka, askari wa getini anatuangalia anauliza, "Nyinyi ni tume gani?" Tisheti yangu nilimrudishia mwenye duka mkononi, akasema kazi hiyo yeye humpa kijana wa jirani, pesa hakurudisha. Tisheti tafuteni kwingine, wale wa kupiga skrini, wanaochapa wino kwenye kitambaa chenyewe.

Ijumaa wanafunga mchana, msiende mkaanza kulalamika.

Wiki iliyopita nimerudi kuprinti barua za shukrani, picha moja na maneno machache ya tuliyofanya. Akaisoma, akavua miwani.

"Na hii mwataka nini tena?"

Nikamwambia hatutaki kitu mama, twashukuru tu.

"Basi toa hiyo namba ya simu hapo chini."

Nikaitoa.