Flisi mbili, mlima mmoja: ya dukani na ya Kongowea

Sisi watu wa Mombasa baridi yetu ni kipupwe. Julai kusi ikivuma na kipimajoto kikashuka hadi nyuzi 22, utamwona mtu ndani ya tuktuk kavaa sweta na kofia ya sufu, na wala hachekwi. Kwa hiyo wenzangu kazini waliponiambia tunakwenda kupanda Mlima Kenya, nilifikiri kipwanipwani: tafuta vazi zito kuliko yote yaliyopo mjini, mambo yaishe. Hapo ndipo zilipokwenda shilingi 4,500 zangu.

Jaketi lile nililinunua jipya, dukani. Duka silitaji, maana nusu ya kosa ni langu. Lilikuwa zito kama blanketi, tabaka mbili za flisi, kile kitambaa laini cha manyoyamanyoya, na katikati utando mwembamba kama wa plastiki wa kuzuia upepo. "Kaka, hapa upepo haupiti hata chembe," muuzaji alinihakikishia. Na kweli haukupita. Jasho nalo halikupita.

Tulipanda kwa njia ya Sirimon. Kutoka lango, kwenye mita kama 2,650, hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300, ni barabara pana ya kilomita tisa hivi, inapanda polepole wala haitishi. Mgongoni nina mkoba wa kilo kumi na mbili, jua limetoka, na mimi nimejifunga zipu hadi kidevuni kwa sababu nimeambiwa mlimani kuna baridi. Nusu saa haikupita, mgongo chapachapa. Ndani nilivaa fulana ya pamba, na hilo lilikuwa kosa juu ya kosa, kwa kuwa pamba hulinywa jasho ikakaa nalo. Nikiwa natembea sikujali. Tulipofika kambini, tukatua mizigo na kuketi, lile jasho likaanza kunikata kama maji ya barafu. Nilitetemeka mpaka chakula cha usiku, na katika kundi zima hakuna aliyekuwa na jaketi zito kama langu. Mpagazi mmoja kijana wa Nanyuki, yeye kavaa visweta viwili vyembamba, akaniambia, "Bosi, ukitembea vaa ya kutoa jasho. Ya joto utavaa ukikaa."

Safari hiyo niliishia kambi ya Shipton's, mita 4,200. Wenzangu walipoamka usiku kwenda kileleni mimi nilibaki kwenye mfuko wa kulalia. Kichwa pia kiliniuma, na hilo siwezi kulisingizia jaketi.

Kwa wasiofika huko, piga hesabu hii: kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi sita na nusu. Mita 4,200 ni upungufu wa nyuzi 27 hivi ukilinganisha na ufukweni. Siku ambayo Mombasa ni nyuzi 28, Shipton's inakaribia kugandisha, na hapo usiku bado haujaingia.

Niliporudi nikaanza kusoma kuhusu nguo hizi, nikashangaa kukuta kwamba waliolichambua jambo hili kwa undani si wapanda milima peke yao. Ni wawindaji wa nchi za baridi, Marekani na Ulaya. Sisi Kenya uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo desturi hiyo hatunayo, lakini shida yao ni yangu hasa. Mwindaji wa kulungu hutoka alfajiri na mzigo, anakanyaga theluji, anapanda vilima, jasho linamtoka. Halafu anafika mahali pake, pengine juu ya mti, anakaa kimya bila kutikisika saa tatu, saa nne. Kama nguo yake ya katikati, ile inayokaa baina ya fulana ya ndani na koti la juu, imelowa, asubuhi yake imekwisha. Ndiyo maana wanataka flisi inayopumua: ukiwa mwendoni mvuke wa jasho utoke, ukitulia nyuzi zishike hewa yenye joto karibu na mwili. Wao wana na sababu nyingine, kwamba flisi haipigi kelele kama koti la mvua, na mnyama husikia. Hilo mimi halinihusu, ingawa ndani ya hema usiku jirani yako atakushukuru.

Flisi karibu yote ni poliesta. Poliesta yenyewe hainywi maji, na hapo ndipo inapoishinda pamba. Kitambaa hiki kilianzia Marekani, kiwanda cha Malden Mills huko Massachusetts, mwaka 1979, kikiiga manyoya ya kondoo. Uzito wake hutajwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba: 100 ni nyembamba, 200 ya kati, 300 nzito. Mimi nilikimbilia kwenye 300 na utando juu yake. Kwa mtu atakayetembea na mzigo, anza na 100, kwa sana 200.

Basi Jumamosi moja nikaenda soko la Kongowea mapema, robota za mitumba zinafunguliwa. Ukichelewa, zile kamera, yaani chaguo la kwanza, zimeshachukuliwa na wenye maduka. Muuzaji wa kwanza akanitolea jaketi la mwindaji hasa, flisi safi kabisa, limechorwa majani na matawi ya msituni. Nililishika nikalitamani, kisha nikalirudisha. Mavazi yanayofanana na ya jeshi hapa kwetu ni kujitafutia kesi, na mimi nakwenda Nanyuki, mji uliozungukwa na wanajeshi. Nani atanielewa nikimwambia kwamba haya ni majani ya kulungu?

Meza ya tatu ndiyo iliyonipa. Yule mama alinitazama nikiweka mdomo kwenye kitambaa na kupuliza, akauliza, "Mwanangu, wanunua ama wabusu?" Lakini hicho ndicho kipimo changu cha kwanza: pumzi ikipenya hadi kwenye kiganja cha upande wa pili, nguo inapumua. Ikigoma, kuna utando. Kisha ninyanyue kitambaa juani, mwanga upenye kwa vitundu vidogo vidogo. Flisi niliyoichagua kwa ndani ina vijumba vijumba kama daftari la hesabu. Kwenye vijumba hewa hukaa, na kwenye mifereji iliyo baina yao mvuke hupita. Rangi ya udongo, zipu ya nusu kifua, kola inayofika masikioni, lebo imefutika. Alianza na 700, tukaachana kwenye 450.

Kipimo cha tatu nilikifanya barazani jioni, na wazee walinicheka mpaka wakachoka. Nilichukua kikombe cha kahawa chungu kutoka kwenye dele, nikakifunika kwa flisi, juu yake nikashika glasi kavu. Punde ukungu ukaanza kujaa kwenye glasi. Nikafanya vivyo hivyo na jaketi la 4,500: nilingoja mpaka kahawa ikapoa, glasi kavu.

Fulana ya ndani sikununua. Nilivaa jezi ya mpira, poliesta nyembamba, ambayo kila nyumba ya Mombasa inazo tatu. Zile fulana maalumu za mlimani ni nzuri, lakini jezi inatosha.

Tulirudi Februari, njia ileile. Hadi Old Moses nilivaa jezi na flisi, zipu wazi, na kila mwinuko ulipokaza niliivua flisi nikaifunga kiunoni. Siku ya pili, kilomita kama kumi na nne kupitia bonde la Mackinder, mgongo ulilowa kidogo chini ya mkoba tu, na dakika ishirini baada ya kutua ulikuwa mkavu. Saa nane usiku tukaanza kupanda kwa tochi. Jezi, flisi, basi. Tulipofika kwenye ukingo wa juu nikavaa koti la mvua, kwa sababu hapo upepo uliipita flisi kama wavu wa kuvulia dagaa. Huo ndio udhaifu wake wa kwanza: nguo inayotoa jasho inaingiza upepo pia, na bila koti la juu usiende nayo. Jua lilitukuta kilele cha Lenana, mita 4,985, nikitetemeka kidogo lakini mkavu.

Udhaifu wa pili ni harufu. Poliesta inahifadhi kikwapa kama siri ya familia, na siku ya tatu hata mimi mwenyewe nilijikimbia. Sufu ina nafuu hapo. Mabegani, kamba za mkoba zinaposugua, imeota vipira vipira. Na kaa nayo mbali na jiko, cheche moja huiyeyusha ikatoboka.

Naifua kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, bila ile dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu inaziba nyuzi. Pasi haiguswi. Kwa unyevu wetu wa pwani niliogopa koga kabatini, ila hadi sasa haijashika, naianika kivulini ikauke kabisa kabla ya kuikunja.

Lile jaketi la dukani nilimpa binamu yangu, anafanya kazi kwenye chumba cha barafu cha samaki. Anaingia, anahesabu makreti, anatoka, hatoki jasho. Anasema tangu aanze kazi hajapata vazi kama lile, na ameshaniuliza mara mbili kama ninalo jingine.