Taa ya mbele iliyonizimikia mteremko wa Isongole

Bei na idadi ya lumeni, yaani kipimo cha mwanga, sizitaji. Vyote vimeandikwa kwenye boksi, na boksi lenyewe ndilo lililonidanganya. Ninachosema ni hiki: taa ya baiskeli inayozima bila kukuonya haifai kuuzwa kwa mtu yeyote anayepita barabara ya Uyole na Tukuyu huku Mbeya, na kijana aliyeniuzia hakuwa na haki ya kunijibu vile alivyonijibu.

Wanaoijua barabara ile watanielewa. Ukitoka Tukuyu unashuka hadi Kiwira, halafu unaanza kupanda mpaka Isongole, na kule juu ukungu hauulizi kama ni masika au kiangazi. Unaweza kuacha jua Kiwira, ukafika kwenye magunia ya viazi ya Isongole huoni hata nguzo iliyo mbele yako. Baada ya hapo ni mteremko kuja Igawilo hadi Uyole. Baiskeli ya mbio inakimbia yenyewe, vidole vimeganda kwenye breki, na nyuma yako kuna malori yanayotoka mpakani Kasumulu na vihaisi vya Kyela vinavyowahi abiria. Hapo taa ndiyo inayoamua kama utalala nyumbani.

Zilikuwa mvua za mwishomwisho. Nilikuwa nimeichaji taa usiku kucha mpaka kitaa chake cha kijani kikawaka. Giza liliponikuta juu nikaiwasha, na nakiri ilimulika vizuri: mwanga mpana, unaotua chini kwenye lami badala ya kurudi usoni kama zile taa kali zinazogeuza ukungu kuwa ukuta mweupe. Nilianza hata kuipenda. Kisha, katikati ya kona, ikazima. Haikufifia kwanza, haikupepesa, haikubadili rangi. Ilizima tu.

Jamani, lami imelowa, matairi ni membamba, breki za kubana rimu zikiloa hazishiki papo hapo, mbele hakuna kitu unachokiona na nyuma unasikia lori likipunguza gia. Nilijielekeza kwenye changarawe kwa kukisia tu. Lori likafika, likapunguza mwendo, dereva akachungulia dirishani akaniambia, "Dada, nimeiona hiyo nyekundu yako tangu kule juu, nikajua kuna mtu." Akawasha hazadi, akakaa nyuma yangu akinimulikia taratibu mpaka Igawilo. Ndaga fijo, asante sana, kaka yangu, popote ulipo.

Sasa hapo ndipo hukumu yangu inapopata shida, kwa sababu ile nyekundu ilitoka kwenye boksi lilelile. Taa mbili, mtengenezaji mmoja, siku moja ya kununua. Ya mbele ilinitupa, ya nyuma ikaniokoa. Kwa hiyo nikajiambia nitakuwa muungwana: nitairudisha ya mbele, nibadilishiwe, na nikiandika nitaisifu ya nyuma kwa moyo wote.

Nikarudi dukani Mwanjelwa. Nikamsalimia kijana, nikamwekea taa mezani, nikamweleza polepole ilivyokuwa. Hakuigusa. Alikuwa anatazama simu. Akaninyooshea kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, BIDHAA IKIUZWA HAIRUDISHWI, akaendelea kutazama simu. Nikamwambia, mdogo wangu, mimi siombi pesa, naomba nyingine inayowaka. Ndipo akasema maneno ambayo mpaka leo yananichoma: "Dada, hiyo taa ni ya baiskeli, siyo ya gari. Usiku watu wanalala."

Usiku watu wanalala! Mwambie hivyo muuza maziwa anayetoka Igawilo alfajiri na madumu kwenye keria. Mwambie mlinzi anayerudi Iyunga baada ya zamu. Mji huu unaendeshwa na watu wanaopanda baiskeli kabla hakujakucha, na wewe unauza taa za baiskeli ukiwa unaamini hakuna sababu ya mtu kupanda baiskeli gizani? Sasa unauza nini, mapambo? Nikamwuliza hivyohivyo. Akacheka, akamgeukia mwenzake.

Nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa sababu siku ya kununua alikuwa ameniandikia kikaratasi cha mkono. Akasema mashine ni mbovu. Nimeambiwa na wengi niachane naye, lakini Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa, na karatasi ya ukutani haiwezi kuwa kubwa kuliko sheria.

Kuhusu udanganyifu wenyewe sibahatishi. Niliipeleka taa kwa fundi simu pale Kabwe, akaifungua mbele yangu. Ndani mna betri moja ya 18650, yaani ile ya milimita 18 kwa 65, ya aina inayowekwa kwenye tochi nyingi. Juu yake imeandikwa 9,900 mAh, yaani kipimo cha chaji inayobeba. Fundi akatikisa kichwa. Betri za ukubwa huo, hata zile nzuri za kampuni zinazoheshimika, huishia kwenye 3,500 hivi. Alipoipima hiyo yangu, ilikuwa chini sana ya hapo. Na baridi ya Isongole inapunguza tena kilichobaki, maana betri za lithiamu hazipendi baridi. Halafu akanionyesha kile kifuniko cha mpira cha sehemu ya kuchajia: kimelegea, hakibani, na ndani kuna alama ya maji. Boksi linasema IPX7, yaani taa ingeweza kuzama kwenye maji ya mita moja kwa nusu saa isidhurike. Hii haikustahili hata IPX4, ambayo ni ya kuvumilia kurushiwa maji tu. Ilishindwa manyunyu.

Kwa hiyo kabla hamjalipa popote, bonyezeni hicho kifuniko kwa kidole. Kikicheza, ondokeni. Ulizeni kama taa inaonya betri ikikaribia kuisha, na muonyeshwe, msiambiwe. Hili kwangu linazidi lumeni zote, kwa sababu taa ndogo inayokuambia "nimebakiza kidogo" inakupa nafasi ya kusimama Isongole ukangoja gari.

Vitu vingine nimetumia, na sina maneno mengi. Bendi za kuakisi za kufunga kwenye vifundo vya miguu ni rahisi na zinafanya kazi kuliko fulana ya kuakisi, kwa kuwa mguu unapanda na kushuka na dereva anatambua mara moja kwamba huyu ni mtu wa baiskeli. Madigadi fungeni, hasa la nyuma, kwani tope la Uyole likiifunika taa ni sawa na kutokuwa nayo. Glovu za vidole vizima, siyo zile za nusu, maana kushika breki na mkono uliokufa ganzi ni hatari. Kengele kwenye barabara ya malori ni ya watembea kwa miguu tu, dereva haisikii.

Na taa ya nyuma iwekeni kwenye mwanga usiokatika, au mbili: moja inapepesa, nyingine imetulia. Inayopepesa inamshtua dereva, lakini inayotulia ndiyo inayomwezesha kukadiria yuko mbali nawe kiasi gani. Ujerumani sheria yao hairuhusu taa ya nyuma ya baiskeli ipepese. Mimi siku ile ilikuwa imetulia, na yule kaka aliniona tangu juu.

Basi ningesema nunueni hiyo ya nyuma. Nilikuwa nimeshaamua kusema hivyo. Lakini kila nikiandika sentensi hiyo nauona mkono wa yule kijana wa dukani kwenye simu na kile kicheko. Taa ile ya nyuma inatoka kwa watu walewale walioandika 9,900 kwenye betri, nayo ina kifuniko cha mpira kilekile. Kilichoiokoa ni kwamba maji yalikuwa hayajaingia. Siwezi kumwambia mama wa mtu aiamini. Hapana, msinunue. Au kama lazima, inunueni kwingine, kwa mtu atakayewatazama machoni mkirudi.

Akitaka nimuungishe tena, aweke ndoo ya maji pale juu ya meza yake, aizamishe taa nusu saa kama boksi lake linavyodai, aitoe, aiwashe, na tukae naye hapohapo mpaka tuone inazima saa ngapi na kama inaonya kabla. Karatasi ya ukutani aiondoe kwanza.